Mkaa wa Masika

Masika ya Tanga si mgeni wa waja leo waondoka leo. Yakishaingia mwezi wa tatu yanatandika jamvi mpaka wa tano, na nyumbani kwetu wa kwanza kuumia huwa ni gunia la mkaa.

Mwaka juzi letu lililowa kutokea chini. Bati lilikuwa zima, gunia limefunikwa nailoni juu, sote tumelala roho safi. Kumbe maji yameingia kwa mlango wa uani usiku, yakajikalia kimya kwenye sakafu ya ujia, na mkaa ukayanyonya kama andazi linavyonyonya chai. Saa kumi alfajiri mama akaingiza mkono, akatoa kaa moja, akaliangusha sakafuni kwa makusudi. Likasema "pwa".

Mkaa mkavu haulii hivyo. Ukiuangusha unalia kama kigae, sauti kali yenye mwangwi kidogo. Uliolowa ni bubu. Tena ni mzito mkononi, una ubaridi kama wa mtungi, na hauachi vumbi jeusi vidoleni kama mkaa mkavu. Mama hakuhitaji hata taa.

"Huu leo utatutoa machozi," alisema, akaenda kutafuta vifuu.

Mama anauza vitumbua, na mkate wa kumimina kwa oda. Kitumbua ni mvumilivu: moto ukipungua unasubiri, unapepea, unaendelea. Mkate wa kumimina hauna subira hiyo. Unataka kupaliwa, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, na yale ya juu yakizimika kabla uso haujashika rangi, umepata uji wenye iliki. Ndiyo maana kwetu kaa la kupalia huchaguliwa kama mtu anavyochagua embe. Lazima liwe limeiva lote, jekundu mpaka ndani, limevaa majivu membamba ya kijivu. Kaa la chetezo nalo ni vivyo hivyo: ukiweka udi juu ya kaa lenye maji, chumba kitanukia kila kitu isipokuwa udi.

Asubuhi ile alitafuta makaa makavu machache yaliyosalia juu kabisa ya gunia, akayaweka katikati ya jiko juu ya vifuu viwili na makumbi, akakoka moto uani chini ya upenu. Yale yaliyolowa akayapanga ukingoni, yakazunguka jiko zima kama watu waliokaa kuota moto. Moja likikauka analisukuma ndani kwa koleo, na jingine linakaa mahali pake. Kazi ya polepole. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi kazini, nikaona ananichelewesha, na alipogeuka kupima unga nikamwaga kopo zima la mkaa uliolowa katikati ya moto.

Kwanza ulifoka. Halafu ukatoa moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya nguo iliyoanikwa ndani. Halafu "ta!" na kipande cha kaa kikaruka mpaka kwenye kanga yangu. Ile tundu bado ninayo, nimeitia kiraka.

Sababu ya mlipuko huo ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kaa ni mti uliobaki mifupa: limejaa vitundu vidogo ambamo zamani mlipita maji ya mti, na maji ya mvua yanarudi humo humo. Maji yakichemka na kuwa mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Ukiyapasha taratibu ukingoni, mvuke unapata njia na kutoka. Ukiyatupa katikati ya moto mkali, mvuke unakosa mlango, unajitengenezea.

Siku zote niliamini kwamba ubaya wa mkaa uliolowa ni hasara, kwamba unateketeza mkaa mwingi kukausha maji. Baadaye nilikaa na kalamu. Kilo moja ya mkaa mzuri ina nishati kama megajuli 28 hadi 30. Kuyachukua maji lita moja kutoka kwenye ndoo mpaka yote yawe mvuke kunataka megajuli 2.6 hivi. Kwa hiyo kilo ya mkaa iliyobeba robo lita nzima ya maji inadaiwa megajuli 0.65, ambazo ni gramu 23 hivi za mkaa. Kaa moja la ukubwa wa yai! Zidisha mara tatu kwa kuwa jiko letu linapasha hewa ya uani kuliko linavyopasha sufuria, bado ni makaa matatu tu. Hasara ya mkaa ipo, lakini si ya kupigia kelele.

Maji yanakula muda. Maadamu ndani ya kaa mna maji, joto la hapo halipiti nyuzi 100, na mkaa hauwezi kushika moto kwa joto la kuchemshia chai. Unataka mia kadhaa. Basi jiko linakaa nusu limewaka nusu halijawaka, dakika ishirini, nusu saa, na wewe umechuchumaa mbele yake unapepea na kulaani.

Kabla sijafika ninakokwenda, niwatetee wauza mkaa kidogo. Watu hupenda kusema wanaumwagia maji ili uwe mzito. Kwa Tanga sioni faida yake. Mkaa unaotoka Handeni na Kilindi tunaununua kwa gunia, kwa debe, kwa kisado, wala hatuupimi kwenye mizani, na maji hayajazi debe. Ukiletewa mkaa wenye maji, mara nyingi ni mvua iliyoukuta juu ya baiskeli. Anayemwagia mkaa maji kwa mkono wake ni sisi majumbani. Tukimaliza kupika tunanyunyizia jiko maji ili kuokoa makaa yaliyobaki, tunayarudisha kwenye kopo yakiwa yanatoka mvuke, na kesho yake tunashangaa moto haushiki. Mama aliacha zamani. Ana chungu kilichopasuka mdomo, anamimina makaa humo uani, anafunika na sinia kuukuu, anaziba kwa mchanga. Yanakufa kwa kukosa hewa, na asubuhi ni makavu. Sharti lake moja ni kwamba chungu hicho hakiingii ndani mpaka kesho, kwa sababu kaa lililofunikwa linaweza kuonekana limekufa na kumbe limelala.

Sasa nisimulie Lushoto.

Shangazi yangu anakaa huko juu, na mwezi wa saba wa mwaka mmoja nilikwenda kumwona binti yake aliyekuwa mzazi, mtoto ana wiki tatu. Mtu wa pwani akisikia baridi ya Usambara anadhani watu wanatia chumvi. Usiku wa mwezi wa saba kule unaweza kushuka mpaka nyuzi 10 hivi, na ukungu unaingia ndani kama mwenyeji. Wajerumani, waliopaita Wilhelmstal, walijenga nyumba zao na dohani, yaani bomba la kutolea moshi, ukutani. Nyumba ya shangazi ina bati, matofali na dirisha dogo la mbao.

Mkaa wake ulikuwa umelowa kwa ukungu na manyunyu. Shangazi si mjinga, wala hakuingiza moshi ndani. Aliwasha jiko nje, tukakaa nalo karibu saa nzima linafuka, sisi tunakohoa na kucheka. Moshi ulipokwisha, na juu pakawa pekundu pazuri, akasema, "Sasa limetulia, mwanangu, tulitie ndani mtoto apate joto." Nikalibeba mwenyewe. Tukafunga mlango, tukaziba ufa wa dirisha kwa khanga, tukalala wanne chumba kimoja.

Niliamka kwa sababu ya haja ndogo, na ninaishukuru haja ile mpaka leo. Kichwa kilikuwa kinagonga, nikadhani ni baridi. Nikasimama, magoti yakawa si yangu. Nilitembea kwa kushika ukuta, nikafungua komeo, hewa ya nje ikanipiga usoni, nikatapika hapo hapo kizingitini. Ndipo nikakumbuka kwamba mtoto, aliyelia kila baada ya saa moja tangu nimefika, alikuwa kimya muda mrefu.

Tulimtoa yeye kwanza. Alikuwa mlegevu, hataki ziwa. Shangazi alitoka akiwa anapepesuka na kuongea maneno yasiyoungana. Jirani mmoja akaja na kikombe cha maziwa, maana kwetu sumu yoyote dawa yake maziwa, na mwingine akapata gari. Hospitali yule tabibu alitutazama nyuso, akauliza swali moja kabla hatujaeleza lolote: "Mlilala na jiko?"

Walitutia oksijeni. Mtoto alinyonya kabla ya saa tano asubuhi, na leo anakimbiza mbuzi.

Niliporudi kuchukua vitu vyangu nililikuta jiko lile lile katikati ya chumba. Nikaligeuza nje kwa mguu. Juu majivu meupe, chini yake makaa mekundu machache bado yanapumua, na chini kabisa, kwenye matundu ya kupitishia hewa, makaa meusi mazima, hayajawaka hata ncha. Tulikuwa tumeingiza jiko ambalo juu limeiva na chini bado linajikausha, na matundu yake yamezibwa.

Mkaa ukipata hewa ya kutosha na joto la kutosha, kaboni yake inaungana na oksijeni kikamilifu na kuwa kaboni dayoksaidi. Ukibanwa hewa, au moto ukiwa dhaifu, unatoa kaboni monoksaidi, na hiyo ndiyo iliyotulaza. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inaingia kwenye damu na kuishika himoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Ule mwali wa bluu unaocheza juu ya makaa usiku, tunaouona mzuri, mara nyingi ni gesi hiyo hiyo inaungua inapokutana na hewa. Mwali huo ukipotea, huenda gesi haiungui tena, inatoka hivi hivi.

Mkaa mkavu nao unaitoa, tusidanganyane. Lakini uliolowa unaitoa kwa muda mrefu zaidi kwa sababu unakaa muda mrefu kwenye ile hali ya nusu kuwaka. Na una hila nyingine: unatufundisha kuogopa kitu kisicho chenyewe. Saa nzima tulipambana na moshi. Moshi ulipoisha tukaona tumeshinda, tukaingiza jiko ndani kwa ujasiri ambao tusingekuwa nao kama tungekuwa na mkaa mkavu uliowaka kwa dakika kumi bila ya kutusumbua.

Kuhusu maziwa: sumu hii imepita puani ikaingia kwenye damu, tumbo halihusiki, na aliyelegea unaweza kumpalia kwa hicho kikombe. Mtoe nje, mpeleke penye oksijeni. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hiyo inachukua saa nne mpaka tano kutoka mwilini. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja au moja na nusu. Namba ya zimamoto ni 114. Na usimwambie mtu alale kichwa kianze kuacha. Kulala ndiko kulikokuwa kunatumaliza.

Nilipomsimulia mdogo wangu kwa simu, alicheka kile kicheko cha mtu aliyeogopa. Alikuwa anasoma Poland, amepanga chumba kwa bibi mmoja nje kidogo ya Katowice, sehemu yenye migodi ya makaa ya mawe, na nyumba ile ilipashwa joto kwa jiko la chuma linalochoma makaa hayo. Akaniambia kwao gesi hii ina jina lake la mitaani, czad, hata mtoto mdogo analijua, na ukutani kuna kidude kinacholia kikiinusa. Sisi hatuna hata jina moja tunalokubaliana. Utasikia "hewa ya mkaa", utasikia "jini kamkaba", na hilo la pili limezika watu.

Nilimwuliza: bibi huyo akiwa na makaa ya mawe yaliyonyeshewa anafanyaje? Nilitegemea aseme anayatupa. Akasema bibi anaweka ndoo mbili karibu na jiko, si karibu sana, ili ya kesho yakauke leo. Tena vumbi la makaa analinyunyizia maji kwa makusudi, kiasi cha kushikana tu, lisipeperuke wala kupenya kwenye chuma za chini. Wahunzi nao hufanya hivyo kwenye makaa yao. Maji kidogo, juu ya moto ambao tayari ni mkali, penye dohani inayovuta, si janga.

Janga kwa jiko lile ni dohani kupoa. Dohani inavuta kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na inapanda. Ukijaza makaa yaliyolowa kwenye moto mdogo, kinachopanda ni mvuke na moshi baridi, dohani inapoa, inaacha kuvuta, na gesi inarudi chumbani kwa mlango wa jiko. Masizi nayo yakichanganyika na mvuke yanaganda ndani ya bomba, na salfa iliyo kwenye makaa ya mawe inafanya asidi inayokula chuma. Bibi huyo, akiongeza makaa, hafuniki moto wote. Anayasukumia upande mmoja na kuacha sehemu nyekundu ionekane, ili gesi zinazotoka kwenye makaa mapya ziwake papo hapo. Ukizifunika zinajikusanya, halafu cheche moja inazilipua na kufungua mlango wa jiko kwa kishindo. Na hazibi njia ya moshi usiku eti joto lisipotee. Mji wa Kraków, jirani na hapo, ulichoka na moshi huo wote na kupiga marufuku kuchoma makaa na kuni majumbani kuanzia Septemba 2019.

Makaa ya mawe tunayo hata sisi, Ngaka kule Ruvuma, na Kiwira, lakini hayo ni ya viwanda na majiko yake maalumu. Usije ukaokota bonge lililodondoka kwenye lori ukalitia kwenye jiko la mkaa sebuleni.

Kilichonikaa kichwani kwenye simu ile ni dohani. Jiko la bibi, pamoja na chuma chake chote, limewekewa njia ya kutupa uchafu nje, na bado wanaliwekea mlinzi ukutani. Letu tunalibeba mkononi, halina bomba, na tukifunga mlango dohani yake ni mapafu yetu.

Nyumbani Tanga tumebadilisha machache. Gunia linakaa juu ya mbao mbili zilizolazwa kwenye matofali, shibri moja kutoka ardhini, na haliegemei ukuta. Jua likitoka, hata la saa moja, mkaa unatandazwa juu ya kipande cha bati kilichoinamishwa, makaa makubwa yamevunjwa kwa sababu kubwa linakauka nje na kubaki na maji moyoni. Chenga zinaanikwa peke yake. Jiko linawashwa uani. Hatutii mafuta ya taa kuliharakisha, hatulimwagii maji likiwa limewaka, maana mvuke ukipita juu ya makaa yenye joto kali unatoa haidrojeni na hiyo hiyo monoksaidi. Zamani huko Ulaya na Marekani viwanda viliifanya makusudi kupata gesi ya kuwashia taa. Mvua ikizidi tunapikia jikoni, mlango wazi na dirisha la upande wa pili wazi, na anayelalamika baridi anavaa sweta. Mtungi wa gesi upo, unapikia chai na mchuzi. Serikali imepanga ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia, na mimi ninaiunga mkono kabisa mpaka nifike kwenye mkate wa kumimina, ambapo mama hataki kusikia.

Shangazi naye sasa analala na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo. Jiko linabaki nje chini ya upenu, na kuku wamejua. Kila usiku wa baridi wanajipanga kulizunguka. Nilimpigia juzi kumwamkia, akaniuliza kama mkaa wetu umekauka. Nikamwambia bado, nimeuanika tangu asubuhi.

Na hapa ninapoandika upande wa bahari pamekuwa peusi, upepo umegeuka, na mama anaita uani. Naenda kuanua.